Kitenge cha gauni: kabla ya kutoa hela, chana kwanza

Mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ikiwa imekomaa, nilimshonea wifi yangu gauni la sare ya sendofu. Kitenge cha yadi sita, maua makubwa ya bluu na njano, shilingi 38,000 baada ya kuvutana nusu saa na kijana wa dukani. Gauni lilimkaa. Watu wakaulizana fundi ni nani, mimi nikajifanya sisikii. Wiki mbili baadaye akalifua, akalivaa kwenda kanisani, akanipigia akiwa bado njiani: "Wifi, mbona gauni linanizunguka?" Mshono wa ubavuni ulikuwa umehamia juu ya goti.

Sikukosea kukata. Nililiweka mezani jioni nzima, nikafumua upande mmoja, nikachomoa nyuzi kwa ncha ya sindano, ndipo nikaona. Kitambaa chenyewe kilikuwa kimekwenda upande tangu kiwandani.

Kwa hiyo msitegemee hapa habari za rangi kuchuja. Kulowesha kidole na kusugua kona kila mtu anajua. Uzito, ulaini, ua linalomfaa mnene na linalomfaa mwembamba, hayo ulizaneni kwenye vikoba. Mimi nina jambo moja.

Kitambaa kina nyuzi za mtande, zinazokwenda na urefu wa jora, na za mshindio, zinazokatiza kutoka ukingo hadi ukingo. Zinatakiwa zikutane kama pembe ya daftari. Kiwandani, kitambaa kikitoka kwenye rangi hupitishwa kwenye mashine ya kukaushia kikiwa kimeshikwa kingo zote mbili. Ukingo mmoja ukitangulia, mishindio inalala, joto linaikausha hivyohivyo, wanga unagandisha, kinakunjwa na kubandikwa nembo. Dukani utasema kimenyooka kama rula. Ukikifua wanga unatoka, uzi unakumbuka kwao, unaondoka na gauni lako.

Kukipima ni kazi ya dakika moja. Mwambie muuzaji akate kidogo kwa mkasi pembeni, halafu achane kwa mkono, maana pamba huchanika kwa kufuata mshindio. Tazama kama mchaniko umekutana na ukingo kama pembe ya daftari, kisha umepitaje kwenye safu ya maua. Ukianzia chini ya ua kwenye ukingo huu na kuishia katikati ya ua kwenye ukingo ule, kimekwenda upande hicho. Mimi navumilia vidole viwili kwa upana wote wa kitenge. Vikifika vitatu, naaga. Kama ni kile kilichokwisha kukatwa yadi sita, omba uchomoe uzi mmoja tu pale mwisho na uufuate kwa jicho mpaka ng'ambo. Watakutazama kama mchawi. Watazame na wewe.

Sasa niwapangie, na sifichi kwamba nina upendeleo.

Cha kwanza ni Vlisco. Kampuni iko Helmond, Uholanzi, tangu 1846, na nta yao hupigwa pande zote mbili za kitambaa, ndiyo maana mbele na nyuma hakuna tofauti, na zile nyufa ndogondogo za rangi huwezi kuzikuta zimefanana mahali pawili. Nimeshona vipande vinne maishani mwangu, vyote zawadi ya shangazi aliyeolewa Lubumbashi, na hakuna hata kimoja kilichonizunguka. Vinne si vingi, najua. Niacheni na mapenzi yangu. Ila jina lililochapwa ukingoni lisikulaze usingizi, maana maandishi nayo huigwa. Chana.

Cha pili ni Hitarget ya China, pamba, na ndicho ninachonunua kwa hela yangu mwenyewe bila kusubiri shangazi. Sijajuta.

Cha tatu mtanicheka: kanga. Kanga haina pa kujificha. Pindo limechapwa pande zote nne, kwa hiyo ukitenganisha doti kwa kuchana, mchaniko ama unakimbia sambamba na pindo, ama unaliingilia, hata mtoto anaona. Nyepesi, ndiyo, na kwa baridi ya Uyole au Njombe utaitia bitana. Shida yake ni lile jina tu. Ukipanga vibaya, msemo wote unakaa makalioni.

Na ukishanasa? Pamba iliyolala huponyeka, mradi hujaikata. Loweka usiku kucha wanga utoke, kisha ikiwa bado na unyevu muwe wawili, kila mtu ashike kona, mvute mshazari kuelekea upande uliopungua, halafu pasi. Ninamtumia mwanangu kwa kazi hii, na anadai malipo. Lakini kama maua yalichapwa mishindio ikiwa tayari imelala, utanyoosha uzi na maua yatalala badala yake. Hapo hakuna dawa.

Vitenge vya poliesta vya bei ya kutupa: choma uzi mmoja. Ukinuka karatasi ni pamba, ukijikunja kuwa kishanga kigumu ni poliesta, na poliesta iliyogandishwa na joto ikiwa imelala haivutiki. Shona mapazia.

Vifaa kwa kifupi. Sindano nanunua Organ za Japani, namba 14 kwa kitenge, 16 kwa jinzi. Soma pakiti: cherehani ya nyumbani inataka HAx1, yenye shina bapa upande mmoja, na ile ya kiwandani inataka DBx1, shina la duara. Wauzaji huchanganya zote kwenye kopo moja la maziwa. Zipu ni YKK. Uzi, vuta kipande cha urefu wa mkono utazame manyoya yake kwenye mwanga, ukiwa na manyoya mengi mwache nao.

Haya, bei. Ukiuliza kwa nini kitenge kimepanda unaambiwa mzigo umetoka Kariakoo, nauli, mafuta, mlima wa Kitonga barabarani. Sawa. Sasa kile cha Kongo, kilichoingilia Tunduma, kama kilomita 100 tu kutoka hapa, ambacho Kitonga hakijaiona hata kwa picha, mbona nacho kinalipiwa Kitonga?

Halafu mita. Kuna maduka wanauza kwa mita na fimbo iliyopigiliwa mezani ni ya yadi. Yadi ni sentimita 91.44. Ukilipia mita sita ukapewa yadi sita, umeacha mezani zaidi ya nusu mita, ambayo kwangu ni mikono yote miwili ya gauni. Mimi siku hizi natembea na futi yangu kwenye mkoba. Nikiitoa, yule aliyekuwa akiniita "mama yangu" ananiita "mteja".

Gauni la wifi nililirudisha pale nilipokinunua kitenge. Sikutegemea hela, nilitaka tu waone. Kijana akaligeuza, akalipima kwa macho, akasema: "Mama, labda wifi ndiye kaenda upande."

Nimeligeuza foronya nne. Nazo zimepinda.