Tahadhari: Muuza mashine za kutafutia sarafu za kale ni tapeli

Naandika haya nikiwa na hasira na, sitaficha, aibu pia, kwa kuwa wengi wenu mlinisikia nikijigamba kabla hata sijaigusa hiyo mashine.

Alikuja mwenyewe hadi kwenye lile shamba mnalolijua, siku chache baada ya kulimwa. Alinikabidhi mpini wenye antena mbili, akanielekeza niushike kwa wepesi, viwiko nimevibana ubavuni, kisha nitembee polepole nikifuata matuta. Nilipokaribia mti wa mpakani, antena ziligeuka zenyewe zikakutana. Nasema zenyewe kwa sababu wakati ule ningeapa kwamba mkono wangu haukutikisika. Akaniambia nichimbe. Kina cha kiganja tu, ikatoka sarafu nyeusi yenye kutu ya kijani, na hatua kumi mbele ikatoka nyingine, kisha ya tatu. Nilizisugua kwa kidole huku nikitetemeka kama mtoto, naye amesimama kando, hata kunipongeza hakunipongeza, akasema tu kwamba zilizo bora ziko mita tatu chini na mashine itazifikia.

Hebu niambieni, nani asingeamini? Nilishika mimi, nikachimba mimi, na mtu huyo alikuwa amekataa arubuni mpaka nijionee kwa macho yangu. Nikalipa yote siku ileile.

Tangu hapo nimelizunguka shamba zima mara nne bila kupata hata kizibo cha chupa, jambo ambalo peke yake lingetosha kunizindua, maana mashine ya kweli katika shamba la zamani hupigia kelele misumari na vipande vya majembe hadi ikuchoshe. Sarafu zile tatu zina mstari wa kalibu ukingoni, yaani alama ya kitu kilichomiminwa, na mkwaruzo uleule mahali palepale, ilhali sarafu za kale za namna hiyo ziligongwa kwa nyundo moja moja. Alizifukia yeye. Udongo wa pale ulikuwa laini kuliko kwingine, nami nikadhani ni jembe. Nimefungua mpini: betri inawasha taa tu, na koili, ule mviringo wa waya unaohisi metali, haipo. Kwa kawaida mashine yenye koili huifikia sarafu moja iliyo sentimita 20 hadi 30 chini. Mita tatu ni ndoto.

Mwaka 2013 mahakama ya London ilimfunga James McCormick miaka 10 kwa kuuza vijiti vya namna hii, eti vinatambua mabomu, na asili yake ni kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu. Huyu wangu naye afungwe, na kabla ya kufungwa alichimbe shamba lote kwa mikono, mita tatu kwenda chini, akiitumia mashine yake. Atakayemwona akitandaza antena zake kwa mtu mwingine asimfukuze. Amcheleweshe kwa maneno, kisha aniite.