Spesa ya pampu ya pumu kwa mtoto, miezi nane sasa tunaitumia

Mwanangu ana miaka mitatu, tunakaa Tabata, na tangu ana mwaka na nusu akishikwa mafua tu basi usiku kifua kinaanza kulia filimbi, mbavu zinaingia ndani, hata uji hataki. Tumezunguka jamani. Kuna zahanati kila tukienda wanasema nimonia, tunapewa antibayotiki, wiki tatu mbele yaleyale, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama kwenye ukoo kuna pumu wakati babu yake mzaa baba miaka yote analala na pampu chini ya mto na shangazi yake anayo pia.

Daktari wa watoto ndo akauliza hilo swali. Akatuandikia pampu mbili, ya salbutamol ya kumfungua akibanwa na nyingine ya kuzuia, asubuhi na jioni hata akiwa mzima, akasema nunueni na spesa yenye maski maana mtoto mdogo hivi ukimpulizia mdomoni dawa inaishia kwenye ulimi na kooni. Niliinunua 35,000 na roho iliniuma kwakweli.

Ni kopo refu la plastiki, huku unachomeka pampu, huku kuna maski laini, na hapo kwenye maski kuna kivali. Unatikisa pampu, unabana maski usoni pasiwe na upenyo, unabonyeza mara moja tu, unamwacha apumue kawaida mara tano sita, kama ni mbili unatikisa tena ndo unabonyeza. Kile kivali ndo nakipenda, kila akivuta pumzi kinafunguka akitoa kinajifunga, kinapepea kama jani dogo, yani unaona kwa macho dawa inaingia, kisipocheza ujue maski imeachia pembeni. Wiki ya kwanza alilia sana, na mtoto akilia dawa haiingii vizuri, tukaanza kumwekea mdoli wake kwanza tunahesabu moja mpaka sita, alafu zamu yake. Ile ya kuzuia tukimaliza namfuta uso na kumpa maji asukutue.

Lawama yangu ni karatasi ya kwenye boksi, hakuna Kiswahili hata mstari mmoja, na muuzaji hakunielekeza chochote. Nikawa naiosha naifuta na kitambaa ing'ae, kumbe ukiifuta plastiki inapata ule umeme wa msuguano, dawa inanata kwenye kuta za kopo badala ya kwenda kifuani. Saivi naosha na maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, maski naisuuza ila kopo ndani siisuuzi, naliacha likauke lenyewe.

Nilitaka pia kununua mashine ya mvuke, daktari akaniambia pumu ikibana kawaida spesa inafanya kazi ileile, na haitaki umeme, na sie huku umeme tunaujua. Kwa ambaye hela haipo, Cape Town daktari Heather Zar na wenzake walijaribu chupa ya plastiki ya nusu lita, wakachapisha 1999, ile iliyotobolewa kitako ikachomekwa pampu na kuzibwa gundi pembeni ilifungua vifua vya watoto sawa na spesa ya dukani, kikombe cha povu walichokijaribu pia ndo kilikuwa cha mwisho. Muulize daktari wako akuoneshe.

Ila ukimpa ya kufungua na bado mbavu zinaingia, au midomo inabadilika rangi, au anashindwa kuongea, usikae kuhesabu, kimbia hospitali huku unaendelea kumpa.

Bibi yake alikuwa anasema pampu itamzoesha. Juni hii ya baridi mafua yamekuja mara mbili, hatujalala wodini hata siku moja, na juzi bibi mwenyewe ndo alikuwa ameshika maski anahesabu.

Akifika miaka minne daktari ataangalia kama tutoe maski avutie mdomoni.