Kipimo cha fizi cha kusukutua: mistari miwili kwenye sinki langu

Binti yangu alikuta kijiti chenye mistari miwili kando ya sinki, akaniita kwa sauti ya kunisuta: "Mama! Na umri huu?" Nina miaka 58. Kilikuwa kipimo cha fizi.

Nilikinunua kwa sababu moja tu. Daktari wa meno alishanisafisha mpaka chini ya fizi, lakini vishimo viwili kati ya fizi na jino, vya kina cha milimita 5, vikabaki kwenye magego ya juu. Eksirei inaonyesha mfupa ulioliwa. Haisemi kama bado unaliwa. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Kipimo cha damu cha CRP, kile kinachoonyesha kama mwili una uvimbe mahali fulani, nacho hakikunisaidia, maana hata mafua hukipandisha.

Hiki cha fizi kinatafuta MMP-8, kimeng'enya kinachomwagwa hasa na nyutrofili, zile chembe nyeupe za damu zinazokimbilia vijidudu. Kikiamka hukata kolajeni, nyuzi zinazoshikilia jino. Yaani walinzi wetu wenyewe ndio wanaobomoa ukuta. Unasukutua maji, unatema, unasubiri kidogo, kisha unasukutua tena kwa maji ya kichupani nusu dakika, unatemea kikombeni, unachuja na kudondosha kwenye kijiti. Mstari mmoja, uko chini ya nanogramu 20 kwa mililita. Miwili, umevuka.

Kuchuja kulinitoa jasho. Chujio liliziba, nikasukuma bomba la sindano kwa nguvu, nikajirushia mate yangu mwenyewe kifuani.

Lakini kasoro kubwa ni kwamba hakikuambii ni jino gani. Mate ni ya mdomo mzima. Ilibidi nirudi kwa daktari na kile kichokoo chake chenye vipimo, ndipo gego la kushoto likatoa damu na la kulia likanyamaza. Akalisafisha upya, nami nikaanza brashi ndogo za katikati ya meno. Baada ya miezi mitatu nikapima tena: mstari wa pili ulikuwa hafifu kama penseli iliyofutwa, nikausogeza dirishani, naona, sioni. Daktari alisema hata hafifu ni mstari.

Nyota tatu kati ya tano. Nitakitumia kati ya usafishaji mmoja na mwingine, si kila wiki.

Sasa binti yangu naye anakitaka. Fizi zake hutoka damu kila akipiga mswaki. Nimemwambia aende kwa daktari moja kwa moja. Kijiti kitamwambia anachokiona kila asubuhi kwenye sinki.