Pachypanchax playfairii: mfuniko kwanza, samaki baadaye

Ndugu watazamaji, karibuni. Huyo mnayemwona pale juu, mdomo umeelekea usoni mwa maji, anaitwa Pachypanchax playfairii. Wauzaji wengi wa huku Ulaya humnadi kuwa samaki wa mtu anayeanza kufuga. Nakubali nusu, nusu iliyobaki ndiyo iliyonifanya niwashe kamera.

Tuanze na rangi. Dume ana manjano ya dhahabu na safu za nukta nyekundu ubavuni. Jike amepoa, ila ana doa jeusi kwenye shina la pezi la mgongoni. Mkiwa dukani tafuteni hilo doa, msije mkauziwa madume matupu. Msitegemee picha za mtandaoni. Chini ya taa kali samaki huyu amepauka kabisa. Punguza mwanga, weka mimea inayoelea, ndipo dhahabu itoke.

Kwao ni Shelisheli, kwenye vijito vya msituni vinavyoshuka milimani kuelekea baharini. Ukifika Vallée de Mai kule kisiwani Praslin, kwenye msitu wa minazi ya coco de mer, yumo kijitoni. Wenzake wa jenasi hii wako Madagaska, na spishi nne kati ya hizo zilipewa majina na mtaalamu wa samaki Paul Loiselle mwaka 2006 tu, juzi hapo. Huyu wetu alipewa jina na mtaalamu wa wanyama Albert Günther mwaka 1866, kwa heshima ya Playfair aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar. Na Unguja nako kuna samaki aliyepewa jina la huyo huyo Günther, Nothobranchius guentheri.

Hao wawili msiwachanganye. Wa Unguja anaishi kwenye madimbwi yanayokauka: anakua mbiombio, anataga topeni, anakufa, mayai yanasubiri mvua. Huyu wa Shelisheli kijito chake kina maji mwaka mzima, kwa hiyo hana haraka, atakaa nawe miaka kadhaa. Kwa pesa yako hiyo ni tofauti kubwa.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo watu huua samaki mzima. Magamba ya mgongoni mwa dume husimama, hasa anapomtaka jike. Ukimtazama kutoka juu utasema ana ule ugonjwa wa kujaa maji mwilini. Jamani, acheni dawa! Mgonjwa wa kweli tumbo limevimba, amejitenga, chakula hakitaki. Huyu tumbo liko bapa na akikuona tu anakimbilia kioo. Hivyo ndivyo alivyoumbwa.

Kasoro anazo. Anaruka, na si kidogo. Hata tundu la kupitishia bomba la filta huliona. Ukiniuliza ununue hita au mfuniko kwanza, nitakwambia mfuniko, hasa kama nyumba yako ina joto la kutosha; nyuzi 24 zinamtosha. Pili, ni mkorofi. Anaweza kufika karibu sentimita 10, na samaki yeyote anayeenea mdomoni mwake ni kitoweo. Wale samaki wadogo wa mapambo msimwekee. Dume mmoja na majike wawili au watatu, tangi refu, mimea mingi ya kujificha. Madume wawili kwenye tangi dogo ni vita.

Kula hasumbui: chakula kikavu anakula, lakini mpe viluwiluwi vya mbu uone. Kutaga pia hasumbui. Ning'iniza kitita cha nyuzi za sufu majini, majike wataambatisha mayai humo kidogo kidogo, na baada ya wiki mbili hivi vifaranga hutoka. Viondoe mapema, maana baba na mama hawajui mwana.

Kwa hiyo nampa nyota nne kwa mwenye tangi la peke yake, mbili kwa mwenye tangi la mchanganyiko. Na mkitamani wa Madagaska, kuweni waangalifu na Pachypanchax sakaramyi. Huyo anapatikana kaskazini, kwenye maji ya juu ya mto Sakaramy unaotoka mlima Ambre, eneo dogo mno. Muulizeni muuzaji amezaliwa kwenye tangi la nani, asije akawa amevuliwa huko mtoni. Akibabaika, rudisheni pochi mfukoni.