Miezi 26 na Vitz ya mtumba: gari la kazini kila siku

Kilomita 17 kwenda, 17 kurudi, siku 6 kwa wiki. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa natafutia gari. Liwake asubuhi, linifikishe, linirudishe, na lisinimalizie mshahara. Sura yake haikunihusu, ingawa kufika hapo kulinigharimu gari zima la kwanza.

Maana kabla ya hili nilishanunua kimeo. Chapa yake siitaji, kwa kuwa kosa halikuwa la kiwanda, lilikuwa la macho yangu. Injini ya lita 2, viti vya ngozi, rangi inang'aa mpaka unajiona uso. Bei ilikuwa chini kuliko ya wenzake, na mimi badala ya kujiuliza kwa nini, nikafurahi. Nilipofika nilikuta injini inanguruma tayari. "Kaka, injini hii haijawahi kuguswa," muuzaji akaniambia, na akapiga boneti kofi la upole kama mtu anayesifia ng'ombe wake. Wiki ya 3 likachemsha kwenye foleni. Fundi alifungua kifuniko cha oili akakigeuza juu chini mbele yangu: kilikuwa na utando mzito wa rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yanapita kwenye oili, gasketi ya silinda hedi imeungua, na hedi yenyewe imepinda. Ndipo nikakubali kwamba yule bwana hakunidanganya hata neno moja. Injini haikuwahi kuguswa kweli, hata kumwagwa oili. Imekula kwangu.

Kwa hiyo mara ya 2 nilianza na hesabu kabla ya kutazama picha zozote. Kwa mwezi natembea kama kilomita 880. Lile la lita 2 lilikuwa linanipa kilomita 9 kwa lita kwenye foleni, yaani lita 98 kwa mwezi. Gari dogo linalotoa kilomita 16 kwa lita linataka lita 55 tu. Tofauti hiyo kwa mwaka inapita lita 500. Watu huganda kwenye bei ya kununulia kana kwamba ndiyo gharama, kumbe bei unailipa mara moja na kituo cha mafuta unakilipa kila wiki. Uamuzi mwingine niliochukua siku hiyo hiyo: robo ya pesa niliyokuwa nayo haitanunua gari. Itakaa kando kwa ajili ya oili, tairi, na lolote litakalojitokeza mwezi wa kwanza. Na kweli lilijitokeza.

Mwishowe niliangukia Toyota Vitz ya 2008, kizazi cha 2. Jina la Vitz lilikuwa la soko la Japani kuanzia 1999 hadi 2020. Kwingine gari hilo hilo linaitwa Yaris. Kizazi hiki kilitoka 2005 na kina injini za aina kadhaa, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapochanganywa, kwa sababu kwa nje yote ni yale yale. Usibishane na muuzaji. Fungua boneti usome kibati chenye namba ya modeli. KSP90 ni injini ya 1KR, cc 996, silinda 3. SCP90 ni cc 1,300. NCP91 ni cc 1,500. Mmoja aliniandikia kwenye tangazo "1300", nikaenda, kibati kikasoma KSP90. Hakuona aibu yoyote. Alisema, "Zote zinafika, kaka."

Mimi nilitaka hiyo hiyo ndogo. Ilitengenezwa na Daihatsu, na ndiyo iliyowekwa kwenye Toyota Aygo, Citroën C1 na Peugeot 107, kwa hiyo spea zake hazitafutwi kwa tochi na mafundi wameizoea. Inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, kwa hiyo hakuna ule mkanda wa kubadilisha kila baada ya kilomita kadhaa ukiomba usikatike kabla. Ukibadilisha plagi unanunua 3, si 4. Usukani wake ni wa umeme, hivyo hakuna pampu wala mpira wa mafuta ya stelingi wa kuvuja. Na giaboksi kwenye hili langu ni otomatiki ya kawaida ya gia 4, si CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua, inayobadilisha mwendo kwa mkanda). Sina ugomvi na CVT iliyotunzwa. Tatizo ni kwamba kwenye gari la mtumba huwezi kujua kama mwenye nalo aliwahi kubadilisha mafuta yake, au kama kuna fundi aliyemwaga mafuta ya otomatiki ya kawaida humo kwa kudhani ni kitu kimoja. CVT iliyochoka hutetemeka ukiondoka polepole, au injini inapiga kelele na gari haliendi. Ikifika hapo, andaa pesa ya giaboksi nzima.

Nilikagua magari 5. Mawili niliyakataa ndani ya dakika 10, na hayo ndiyo yaliyonifundisha zaidi.

La kwanza dashibodi ilisoma kilomita 41,000. Gari la miaka mingi, kilomita 41,000, mwenyewe anasema lilikuwa la mama mmoja mzee wa kwenda sokoni tu (huyu mama ana magari mengi sana, nimemsikia kila mahali). Nikaangalia mpira wa pedali ya breki: umelika mpaka chuma kinaonekana kwenye kona. Usukani umelainika upande wa kushoto kama sabuni iliyotumika. Nikainama kwenye tairi. Ubavuni mwa kila tairi kuna neno DOT na mwisho wake tarakimu 4: 2 za kwanza ni wiki, 2 za mwisho ni mwaka. 3212 ni wiki ya 32 ya 2012. Nilikuta tairi za kampuni 3 tofauti na miaka 3 tofauti, zote changa kuliko gari. Gari lililotembea kilomita 41,000 halijamaliza hata seti yake ya kwanza vizuri, hili lilikuwa limeshabadilishiwa mara kadhaa. Nikashukuru, nikaondoka.

La 2 lilikuwa safi mno chini ya boneti, limeoshwa mpaka huwezi kujua kama kuna mahali panavuja. Niliwasha swichi bila kupiga stata. Taa zote za dashibodi zinatakiwa ziwake hapo, ikiwemo ile ya injini, kisha zizime gari likishawaka. Ya injini haikuwaka kabisa. Ama wameitoa balbu, au wameiziba. Nikachomeka kile kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari chini ya usukani, kinaunganishwa na simu kwa bluetooth. Hakukuwa na kosa lolote, lakini majaribio ambayo gari hujifanyia lenyewe yalikuwa karibu yote hayajakamilika. Hiyo hutokea makosa yakishafutwa karibuni, au betri ikitolewa. Sikumwuliza kitu. Mtu aliyeficha taa hatakueleza ugonjwa.

Hili nililolinunua lilikuwa baya kwa sura. Rangi imepauka juu ya paa, bampa ya nyuma ina mkwaruzo mrefu, taa za mbele zina ukungu wa manjano. Lakini nilimwomba mwenye gari kwa simu asiliwashe kabla sijafika, na nilipogusa boneti ilikuwa ya baridi. Hili ni jambo dogo lakini ukilipata umepata nusu ya ukaguzi, kwa sababu injini iliyopashwa moto huficha kelele za asubuhi na moshi wa kwanza. Likawaka mara moja. Moshi wa bluu hakuna (huo ni oili inaungua), moshi mweupe usioisha hakuna (huo ni maji). Kijiti cha oili kilikuwa na oili ya kahawia, nyeusi kidogo, kiwango chake sawa. Nilipitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa kwenye milango na mabawa ya mbele na ya nyuma. Mahali penye puti (ile ya kujazia bati lililobonyea kabla ya kupaka rangi) sumaku haishiki vizuri, na ilikataa sehemu moja tu, bawa la nyuma kulia. Mwenyewe akasema kabla sijauliza: "Hapo niligonga nguzo nikirudi nyuma. Niliona bora waliponyooshe." Na kwenye kasha la dashibodi alikuwa na bahasha ya risiti. Oili, filta, pedi za breki, betri, zimeandikwa kilomita kwa kalamu. Risiti ya mwisho ilisoma 108,000 na dashibodi ilisoma 112,000. Nilisoma ile bahasha kwa muda mrefu kuliko nilivyoliangalia gari.

Kwenye majaribio nilizima redio, nikafunga madirisha. Usukani nikaukata mpaka mwisho, nikaenda polepole kwa duara kila upande, nikisikiliza kama kuna "tak tak tak" ya jointi za draivushafti, zile fimbo zinazozungusha tairi za mbele. Kimya. Barabara iliyonyooka nikalegeza mikono sekunde 2, likavuta kidogo kushoto. Ikawa ni alaimenti tu (tairi hazijakaa sawa), ila nililitumia kupunguza bei.

Siku 3 za kwanza halikwenda kazini, lilikaa kwa fundi. Oili, filta zote, plagi, maji ya rejeta, mafuta ya breki, mafuta ya giaboksi, na tairi 2 za mbele. Ile robo niliyoiweka kando iliisha karibu yote hapo, na sijutii hata kidogo.

Tangu hapo limefika kilomita 137,000. Orodha ya maradhi ni fupi. Pampu ya maji ilianza kuvuja kwenye 121,000. Niliiona kwa alama ya waridi iliyokauka pembeni ya injini, kabla halijachemsha, kwa kuwa baada ya lile la kwanza mimi hufungua boneti kila Jumapili kama mtu anayeangalia maziwa jikoni. Koili moja ya plagi ilikufa, injini ikawa inakatakata na taa ya injini inapepesa, ikabadilishwa siku hiyo hiyo. Stabilaiza linki za mbele (vifimbo vidogo vya kwenye sasipenshoni) zilikuwa zinagonga kwenye matuta. Kwa umri wake sina kesi. Mafuta napima kwa kujaza mpaka juu na kugawanya kilomita kwa lita: 16 kwa kawaida, 14 nikiwasha AC kwenye foleni nzito.

Sasa yanayonikera. Silinda 3 zikiwa zimesimama kwenye taa zinatikisa usukani, na ukiwa na AC inatikisika hadi kioo cha ndani, picha ya nyuma inacheza. Niliwahi kudhani mauntingi, ile mipira inayoshikilia injini, zimekufa. Moja ilikuwa imechoka, tukabadilisha, mtikisiko ukapungua lakini haukuisha. Ndivyo injini ilivyo. Ukipakia watu 4 na kukutana na mlima, zima AC, kanyaga, na usianze maongezi kwa sababu hamtasikilizana. Barabara kuu, ukipita kilomita 100 kwa saa, gia 4 hazitoshi na kelele inachosha. Buti inabeba mabegi 2 ya wastani. Na mita ya spidi ipo katikati ya dashibodi badala ya mbele ya dereva. Mimi nimeizoea, mke wangu hadi leo anasema ni gari la abiria.

Mtu anayesafiri mbali kila wiki, au mwenye watoto 3 na mizigo, hili litamchosha. Atafute cc 1,300 au 1,500. Kwa kilomita 34 za foleni kwa siku, mtu mmoja na begi la kompyuta, ningelinunua tena, na safari hii nisingesumbuka na mkwaruzo wa bampa, ambao bado upo.

Zinazofuata ni shokapu za nyuma. Zimeanza kutoa jasho la mafuta. Nimeshanunua zote 2, zipo kwenye buti na zimeijaza, nasubiri Jumamosi fundi awe na nafasi. Risiti yake nimeshaiweka kwenye ile bahasha, juu ya zile za aliyeniuzia.