Waya wa Kupasha Mabomba Joto: Tathmini Baada ya Majira Mawili ya Baridi

Waya huu wa umeme, unaofungwa kwenye bomba la maji ili maji yasigande ndani yake, nimeutumia kwa majira mawili ya baridi kali. Unafanya kazi, ingawa si kazi yote inayotajwa kwenye boksi lake.

Hapo awali nilitegemea vifuniko vya sponji pekee. Sponji haina joto lake yenyewe. Hupunguza tu kasi ya bomba kupoa, hivyo maji yanayolala bila kutembea wakati kipimajoto kinaonyesha nyuzi 7 za Selsiasi chini ya sifuri yanaweza kuganda hata yakiwa yamefunikwa. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9, lakini mara nyingi bomba halipasuki palepale penye barafu, bali kati ya barafu na koki iliyofungwa, ambako maji yaliyobaki hubanwa yakakosa pa kwenda. Bomba langu lilipasuka hivyo hivyo, hatua mbili kutoka kwenye barafu, na fundi alipoliona hakushangaa hata kidogo.

Sifa kubwa ya waya huu ni kwamba hujirekebisha wenyewe. Ndani yake mna nyuzi mbili za shaba zinazokwenda sambamba, na katikati yake plastiki iliyochanganywa na kaboni: plastiki ikipoa hunywea, chembe za kaboni zikagusana na umeme ukapita kwa wingi, ikipata joto hutanuka, chembe zikaachana na umeme ukapungua. Kwa hiyo kipande cha bomba kilicho chini ya sakafu hupata joto zaidi ya kile kilicho karibu na jiko, bila mtu kugusa chochote. Nyaya zile zenye joto lisilobadilika hazifanyi hivyo, na zikipishana zenyewe kwa zenyewe huweza kuungua.

Maelekezo, kwa bahati mbaya, ni picha tatu ndogo. Hazisemi kwamba sponji lazima ivalishwe juu ya waya, na mimi nilikaa mwezi mzima nikipasha hewa ya bure kabla ya kulitambua hilo. Wala hazitaji utepe wa foili ya alumini, ambao kwenye bomba la plastiki husaidia kusambaza joto. Waya wa kuelekea kwenye soketi nao ni mfupi mno, na hakuna taa ya kuonyesha kama umeme unapita; njia pekee niliyo nayo ni kupapasa kwa mkono.

Umeme ukikatika, jambo ambalo hutokea hasa usiku wa dhoruba, waya huu ni kamba tu. Usiku wa namna hiyo mimi huiacha koki ya mwisho kabisa ikidondosha maji, kwa kuwa hata tone dogo hulegeza ule mbano ndani ya bomba.