Kibodi za zamani za mekanika mnadani: ya kuwania kwanza, na ya kuwaachia wengine

Kwenye mnada wa mtandaoni, picha ya mbele ya kibodi haikuambii kitu. Zote zimepauka kuwa rangi ya maziwa, zote zina vitufe mia na ushei, na kila muuzaji kaandika "ya zamani, ya mekanika, adimu". (Ya mekanika ni ile yenye springi au swichi ya peke yake chini ya kila kitufe.) Picha zinazoamua ni mbili: ya mgongoni penye lebo, na ya ncha ya kebo. Kama tangazo halina, ziombe. Muuzaji akikaa kimya, waachie wengine.

Kibodi sita zilizo hapa chini hatukuzipanga kwa kuuliza ipi ni tamu zaidi kuandikia. Ubishi huo hauna mwisho. Tumeuliza hivi: ukishinda dau, una uhakika gani wa kuwa unaandika wiki hiyohiyo mzigo ulipofika, bila kushika chuma cha kulehemu?

Plagi kwanza

Ncha utakazokutana nazo mara nyingi ni nne. Duara ndogo ya pini 6 ni PS/2. Duara kubwa ya pini 5 ni DIN, na hapo ndipo wengi hutumbukia, kwa sababu kibodi za XT na za AT (majina ya kompyuta za IBM za miaka ya 1980) zina plagi ileile ila lugha mbili tofauti. Ya AT inataka adapta ya kubadilisha umbo tu, kisha inakuwa PS/2. Ya XT haielewani na kompyuta yoyote ya sasa mpaka uweke konvata yenye chipu katikati. Duara ndogo ya pini 4 ni ADB ya Apple. Ya mwisho inafanana na plagi ya waya wa mtandao, RJ45. Hiyo ni kibodi ya tarminali, yaani skrini na kibodi za kuunganishwa na kompyuta kubwa ya ofisi.

Vile viadapta vya plastiki vya kijani au zambarau, PS/2 huku na USB kule, havina akili yoyote ndani, ni waya mtupu. Vilitengenezwa kwa kibodi zinazojua lugha zote mbili. Kibodi ya 1989 haijui USB, kwa hiyo muuzaji aliyeijaribu kwa kiadapta hicho ataandika "mbovu", tena kwa nia njema kabisa. Matangazo ya namna hiyo yatafute kwa bidii.

Konvata nzuri ni bodi yenye chipu ya ATmega32U4, kama Pro Micro au Teensy 2.0, iliyopakiwa programu ya Soarer au TMK. Inazisoma XT, AT, PS/2 na nyingi za tarminali, na inakuruhusu kuhamisha vitufe. Hilo la mwisho si anasa: kibodi za miaka ya 1980 hazina kitufe cha Windows, na Caps Lock inaweza kufanya kazi hiyo.

1. IBM Model M, namba 1391401

Ndiyo ya kuanzia. Ilitengenezwa kwa wingi kuanzia katikati ya miaka ya 1980, vipuri vipo, na hakuna tatizo lake ambalo halijawahi kutatuliwa. Namba 1391401 ni mpangilio wa Marekani, 1391406 wa Uingereza. Lebo ya mgongoni ina tarehe ya kutengenezwa na mara nyingi mahali pia: Lexington, Kentucky, au Greenock huko Scotland. Kuanzia 1991 kazi ya Lexington ilihamia kampuni ya Lexmark, na kuanzia 1996 Unicomp. Za Lexmark za mwishomwisho ni nyepesi zaidi. Si mbaya, ila usizilipie bei ya zile za IBM zenyewe.

Chini ya kila kitufe kuna springi inayosimama wima. Ukibonyeza, inafika mahali inakatika kiunoni kwa mlio, na kijinyundo chini yake kinagonga utando wenye saketi. Mlio na mgoto unaousikia kidoleni vinatoka sehemu moja na kwa wakati mmoja, ndiyo maana mkono unajua herufi imeingia.

Ugonjwa wake ni ribiti. Bamba la chuma la nyuma limeshikwa kwenye plastiki ya vitufe kwa makumi ya vichwa vya plastiki vilivyoyeyushwa, na umri unavikata kimoja kimoja. Vikipungua sana, bamba linaachia, utando haubanwi sawasawa, na baadhi ya vitufe vinaanza kurukaruka au vinakuwa legelege. Mwombe muuzaji ainamishe kibodi huku na huku asikilize kama kuna vipande vinavyocheza ndani. Vipande vichache ni kawaida kwa umri huo. Kama inalia kama kayamba, weka dau la kibodi ya kutengeneza, si la kibodi nzima. Matengenezo yake ni kukata vichwa vilivyobaki, kutoboa kwa biti ya milimita 1.6, na kufunga bolti za M2 zenye urefu wa milimita 8 na nati zake. Kwa asiye na haraka ni kazi ya siku nzima.

Kuifungua kwenyewe kunataka soketi ya milimita 5.5 yenye ukuta mwembamba. Bolti nne zimezama ndani ya mashimo, na soketi nene haiingii.

Tangazo likisema "kitufe kimoja kimekufa", usikimbie. Mara nyingi springi imekaa upande tu. Vua kifuniko cha kitufe hicho, simamisha kibodi wima ukingo wa spacebar ukiwa juu ili springi ijiweke katikati, kisha rudisha kifuniko hukohuko wimani. Ukisikia mlio, imepona. Vifuniko visivyoonekana navyo visikutishe: kwenye nyingi za 1391401 kifuniko ni cha vipande viwili, na cha juu hupatikana peke yake.

Kasoro moja haina dawa: haiwezi kusoma baadhi ya michanganyiko ya vitufe vitatu kwa pamoja. Mcheza gemu alijue hilo mapema.

Ile fupi isiyo na vitufe vya namba, 1391472, ni nzuri mno. Kwa bahati mbaya kila mtu analijua hilo, na dau lake hupanda mpaka likavuka busara.

2. Dell AT101W

Hii hudharauliwa, na ndiyo faida yake. Ilikuja na kompyuta za ofisini, ina plagi ya PS/2, ina vitufe vya Windows (ndiyo hiyo W), na ndani yake kuna swichi nyeusi za Alps, kampuni ya Japani. Wauzaji wengi wanaiorodhesha kama kibodi kuukuu ya Dell, basi. Tafuta kwa jina la modeli.

Hakikisha lebo inasema AT101W. Dell iliuza pia QuietKey zinazofanana nayo kwa mbali, na hizo zina vikombe vya mpira ndani badala ya swichi.

Adui wa Alps ni vumbi. Likishaingia ndani ya swichi, kitufe kinakwaruza kikishuka na hunata ukikibonyeza pembeni. Kuosha husaidia kidogo au hakusaidii kabisa, kwa kuwa nyuso zinazosuguana zimeshalika. Angalia picha katikati ya vitufe: ukiona nywele na unga wa kijivu, mbele ya hapo kuna mkwaruzo. Iliyokaa kwenye boksi lake ni bora kuliko iliyosafishwa ikang'aa kwa ajili ya picha.

3. Cherry G80

Kwa Cherry, soma namba na usimsikilize mtu. G80 ni swichi za MX, za mekanika kamili. G81 ni za MY, ambazo zinakaa juu ya utando na zinabonyea kwa uzito usiopendeza. G83 ni mpira. Kwa nje zinafanana kama mapacha, na wauzaji huziita zote "Cherry ya mekanika".

Nyingi zilizouzwa Ulaya zina MX nyeusi, isiyo na mlio wala mgoto. Hapa umri ni sifa: MX nyeusi iliyotumika miaka mingi hulainika kuliko mpya, na wapo wanaonunua G80 kwa ajili ya kung'oa swichi tu. Herufi za mwisho za namba huonyesha mpangilio. DE ni Kijerumani, ambapo Y na Z zimebadilishana nafasi. Omba picha moja yenye kifuniko kilichovuliwa. Shina la MX lina umbo la msalaba (la MY pia, kwa hiyo namba ndiyo inayoamua), na rangi yake ndiyo aina ya swichi.

4. Apple Extended Keyboard II, M3501

Iliyotangulia, M0115, ilitoka 1987. Hii ilifuata 1990. Vifuniko ni vya plastiki ya PBT na maandishi hayafutiki. Spacebar tu ndiyo hubadilika kuwa njano, kwa sababu ni ya plastiki nyingine, ABS. Nyingi za M3501 zina Alps za rangi ya krimu zenye vizuia-kelele, ila baadhi zilitoka na swichi za Mitsumi, na hizo wanunuzi wengi hawazitaki. Picha ya swichi ni lazima.

Tumeishusha hadi nafasi ya nne kwa sababu mbili. Inahitaji konvata ya ADB, ambayo ni tofauti na ile ya AT na XT. Na plastiki ya ganda imekuwa kavu, inapasuka pembeni ikifungwa vibaya. Kebo ikikosekana usijali, ya S-Video yenye pini 4 inafanya kazi.

5. Northgate OmniKey

Alps nyeupe zenye mlio, bamba zito, na swichi ndogo za kubadilisha mpangilio. Ni nzuri sana na hazionekani mara kwa mara. Ukipata yenye kebo nzima na picha safi, iwanie, usiingoje.

6. IBM Model F

Ya XT ilikuja na IBM PC ya 1981, ya AT mwaka 1984. Wengi wanaamini ndiyo bora kuliko zote hapa, nasi hatubishi. Springi ni ileile, ila badala ya utando kuna bodi ya kapasitansi, inayohisi kitufe kwa umeme bila mgusano, na mguso wake ni mwepesi na mkali zaidi. Lakini sponji iliyo kati ya mabamba huoza ikawa unga, bamba hushika kutu, na kuirudisha ni kuifungua yote, kukwangua na kukata sponji mpya. Ya XT ina vitufe 83 kwa mpangilio utakaokusumbua kila siku. Inunue ikiwa ya pili.

Za kukimbia

Model M2: inafanana na Model M kwa jina na springi, ila kapasita zake mbili hukauka na kibodi hufa, na ganda linafungwa kwa vibanio vinavyokatika ukilifungua. Za tarminali zenye vitufe 122 hupendeza pichani, ila zikuandae kwa kazi ya waya na programu. Kibodi za NEC PC-98 zina plagi ya pini 8 ya kwao wenyewe.

Kuweka dau

Tafuta kwa namba ya sehemu, halafu rudia kwa makosa ya tahajia na kwa maneno kama "kompyuta ya zamani". Kibodi nyingi nzuri huuzwa zikiwa zimeegemea mnara wa kompyuta ambao ndio muuzaji anaouthamini.

Bei ya kweli usiiangalie kwenye matangazo yaliyo hewani. Kwenye eBay chuja uone yaliyokwisha kuuzwa. Kisha anza na kiasi ambacho uko tayari kitoke mfukoni hadi kibodi ifike mlangoni, utoe usafirishaji, ushuru, konvata na vipuri. Kinachobaki ndicho dau lako. Model M ina zaidi ya kilo 2, na kutoka bara lingine nauli inaweza kuipita bei ya kibodi yenyewe.

Dau hilo liweke mara moja tu, sekunde 5 hadi 10 kabla ya mwisho. Mfumo wa eBay unapandisha kidogo kidogo kwa niaba yako hadi kikomo chako, kwa hiyo kuweka mapema kunawapa wengine muda wa kukupima tu. Ongeza senti chache juu ya kiasi kamili. Madau yakilingana, aliyetangulia ndiye anayechukua. Yahoo! Auctions ya Japani ni habari nyingine: muuzaji anaweza kuweka nyongeza ya muda ya kiotomatiki, na dau la dakika za mwisho linasogeza mnada dakika 5 mbele. Hapo hakuna kuvizia, ni kikomo chako na subira. Neno "janku" kwenye tangazo la huko maana yake hakuna dhamana wala kurudisha.

"Haijajaribiwa" ina maana mbili. Kwa muuza vitu vya nyumba iliyohamwa, ni kweli. Kwa muuzaji mwenye kompyuta kuukuu ishirini kwenye duka lake, alijaribu.

Kufunga na kupokea

Kabla hajatuma, mwombe muuzaji akunje kebo ikae nyuma ya kibodi na si juu ya vitufe, azungushe plastiki ya viputo tabaka mbili, na aache nafasi ya sentimita 5 iliyojazwa kila upande. Mfuko wa posta hauhifadhi pembe za kibodi ya kilo 2.

Ikifika, kagua boksi lote kabla ya kulitupa. Vifuniko huchomoka njiani na kujificha kwenye mikunjo. Piga picha kabla ya kuifungua. Iunganishe, fungua ukurasa wowote wa kujaribu kibodi, bonyeza kila kitufe mara kumi, vile vya pembeni ukivibonyeza kwenye kona. Fanya hivyo siku hiyohiyo, maana muda wa kudai unahesabiwa kuanzia mzigo unapofika. Vifuniko vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, uviache vikauke siku nzima. Dawa ya haidrojeni peroksaidi ya kuondoa unjano iache kwanza: inaweza kuacha mabaka, na mtu akishafungua dai la kurudishiwa pesa kwa kibodi yenye mabaka mapya, atapata shida kueleza yametoka wapi.